Kamba Shingoni mwa Chungu

Uvumilivu wangu ulikatika saa nne asubuhi, ndani ya nyumba ya maonyesho, mbele ya kabati la kioo, pale karani aliponiambia nitoke na mtoto wangu kwa sababu kilio chake kitapasua vyungu.

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mwili na akili timamu, tena mchana kweupe. Kama unaona ni uongo, acha kusoma hapa. Sitakukasirikia. Hasira yangu yote niliimalizia kwa yule karani.

"Chungu kilichopita mu moto," nikamwambia, "kitapasuka na sauti ya mutoto wa miezi tatu? Weye ulifinyanga siku gani?"

"Mama, sheria ya nyumba iko ile."

"Na hiki hapa, nani alikifinyanga?"

"Soma karatasi, mama."

Karatasi nilikuwa nimekwisha kuisoma, ndiyo iliyoniwasha moto. Kilikuwa chungu cha maji, cheusi, tumbo limelainishwa mpaka linang'aa, na shingoni kimezungushiwa kamba ya udongo iliyosokotwa. Kamba moja tu, imekaza. Sijawahi kuona kizuri vile. Karatasi ilisema: "Katanga. Fundi hajulikani." Neno Katanga lilikuwa limeandikwa kwa wino mpya juu ya jina lingine lililokwaruzwa. Mwaka ule Katanga ilikuwa imejitangaza nchi peke yake, wakubwa wakibadilisha kila kitu, bendera, stempu, mpaka fedha. Jina la nchi walilipatia wino. La fundi, hapana.

Nijieleze kidogo. Mama yangu alifinyanga vyungu Pweto maisha yake yote. Ndiyo maana kila mji nikifika, kabla sijatafuta soko la vikwembe vya kujifunga, naulizia nani anafinyanga hapa. Mume wangu anasema ni ugonjwa. Safari ile nilikuwa nimetoka Kambove kwa treni kumleta binti yangu hospitali ya mji mkubwa, daktari akatupangia kesho yake. Nikasema siku ya kungoja niitumie kuona vyungu, la sivyo nitakuwa kichaa.

Kwa sababu binti alikuwa hanyonyi. Anashika titi, anavuta mara mbili, anaachia, analia. Mapaja yake yalikuwa yamelegea kama soksi za mzee. Kila usiku nilikaa macho nikisikiliza kama bado anapumua. Wewe mama unayesoma, unajua.

Nilifikia mtaa wa Katuba kwa Yaya Kabamba, dada mkubwa wa mume wangu. Yeye alikuwa na jibu lake tangu mwanzo: "Mutoto analilia jina yake." Binti alizaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingo, na kwetu Waluba mtoto wa namna hiyo amekuja na jina lake, Mujinga. Huchagui. Mimi nilichagua. Nilisoma sekondari, nilijua mwalimu akiita Mujinga kwa Kiswahili darasa zima litacheka. Nikamwita Solange. Yaya aliponikumbusha, nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Basi, nikatoka kwenye maonyesho nimembeba mtoto mgongoni, naongea peke yangu barabarani. Hajulikani! Chungu kinajifinyanga? Nikaapa nitamtafuta huyo fundi kabla jua halijazama.

Sokoni Katuba wauzaji walinicheka. "Chungu, mama? Siku hizi bantu banakunywea mu bati!" Mmoja akaniambia udongo mzuri unachimbwa kule Kafubu, nifuate njia mpaka kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Kwenye kizuizi cha magunia ya mchanga askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, akafungua kikapu changu, akamsikia mtoto, akaniashiria nipite haraka. Hata vita vilikuwa vimechoka na kilio kile.

Chini ya kichuguu nikamkuta mama mtu mzima ameketi, miguu ameinyoosha, anasokota kamba ya udongo juu ya ubao. Kamba ile ile! Nikamsalimu. Akaitika bila kuinua kichwa.

"Ikala, mama ya mutoto. Umetembea na kasirani mingi, nilikusikia toka kule."

Nikakaa. Akaizungusha kamba kwenye shingo ya chungu kidogo, akaikandamiza kwa vidole. Sasa nisikilize vizuri. Mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Udongo mbichi ukiuminya unaandika kidole chako, mistari yote, huwezi kuuzuia. Yeye aliminya, akatoa mkono, na udongo ulikuwa laini kama maji yaliyotulia. Nilitazama mara tatu. Niamini.

"Mama, vidole vyako haviandiki?"

Akacheka. "Banakataa kuniandika siku hizi. Hata udongo."

Ungekuwa wewe, ungekimbia? Mimi sikukimbia. Sikuona hofu hata kidogo, na hilo ndilo linanishangaza mpaka leo. Ilikuwa kama kukaa jikoni kwa mama.

"Mutoto jina yake nani?"

"Solange."

"Sola... iko jina ya sabuni?" Akamtazama binti, akamgusa shingoni kwa kidole kimoja. "Alizaliwa namna gani?"

"Na kamba shingoni."

"Basi iko Mujinga."

Hasira ikanipanda tena. "Nani mujinga?"

"Miye Mujinga. Na yeye Mujinga. Wajina yangu." Hakukasirika, aliendelea kulainisha chungu. "Mama yangu alinizaa vile vile. Bantu ya muji banacheka, najua. Ndiyo maana naweka kamba mu shingo ya kila chungu. Bacheke, lakini bajue sikujificha."

Akainama sikioni mwa binti. "We, Mujinga. Nyonya, mama."

Kilio kikakatika. Binti akageuza kichwa, akashika titi, akavuta, akavuta, mpaka titi la pili likaanza kumwagika lenyewe kwenye blauzi yangu. Nililia. Yule mama akanifuta uso kwa mgongo wa mkono wake, mkono wa baridi kama mtungi. Kisha akachukua kidole gumba cha binti, akakichapa chini ya ile kamba, akanipa chungu kibichi.

"Usikichome. Na kule mu muji, ubaambie jina yangu."

Yaya Kabamba alipotuona mlangoni, mtoto ananyonya na kukoroma, alipiga vigelegele. Nikamwambia nimetoka kwa Mama Mujinga wa Kafubu. Vigelegele vikakatika. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Mama Mujinga tulimuzika mbele uhuru haiyafika," akasema. "Miye mwenyewe nilipika bukari, ugali ya bantu ya kilio."

Asubuhi tulirudi sote wawili, mimi na Yaya. Kichuguu kilikuwepo. Palikuwa na vigae na majani marefu, na nyayo za mtu mmoja zinazokuja na kuondoka. Zangu. Daktari naye akanigombeza kwamba nimempotezea wakati na mtoto mzima.

Chungu kile ninacho. Miaka imepita na hakijakauka, ukikigusa kina ubichi wa jana. Na alama ya kidole gumba inakua. Kila mwaka binti anaweka kidole chake mle, na kila mwaka kinaingia sawasawa. Siku ya kwanza ya shule mwalimu aliita jina lake, Mujinga, na darasa likacheka, kama nilivyoogopa. Aliitika.

Kwa hiyo nakuonya, wewe msafiri unayependa kutembelea wafinyanzi kama mimi: uliza jina la aliyefinyanga, na ukitajiwa, usilisahihishe. Lipokee lilivyo.

Na yule karani? Siku ile ile niliyogombezwa na daktari, nilipotoka hospitali, nilimpelekea malalamiko yangu kwa maandishi. Karani akasoma, uso ukamshuka. Hajui Kiluba, masikini. "Alikileta yeye mwenyewe, zamani," akasema polepole. "Nilimuuliza jina, akasema Mujinga. Miye nikafikiri ananitukana." Akapiga muhuri mbele yangu. Nakala ninayo:

*Kwa Bwana Mkubwa wa Nyumba ya Maonyesho. Nalalamika juu ya chungu cheusi cha maji chenye kamba shingoni. Nadai maneno "fundi hajulikani" yafutwe leo. Anajulikana. Anaitwa Mujinga, wa Kafubu, na si tusi. Mkitaka shahidi, semeni jina hilo mlangoni kwangu. Nina binti atakayeitika.*