Mistari Myekundu ya Dirisha la Pili

Wapendwa, kwanza mnivumilie kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno nitakayoyakosea, maana niliishia shule ya msingi na kalamu yangu ina mwendo wa polepole. Lakini aibu niliyoipata kazini ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwa hiyo nawaandikia.

Mimi ni msichana wa dirisha la pili katika ofisi ya kutuma mizigo hapa Kisangani. Tuna dirisha jingine Bangboka, kwenye uwanja wa ndege, na jingine Isangi kwa mizigo inayoshuka na mto. Kila dirisha lina kompyuta, na kila kompyuta inaandika yenyewe mstari mmoja kwa kila kinachotokea, imewashwa, imechapa risiti, imeshindwa, na mistari yote inakwenda kukusanyika kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa katika chumba tunamolia chakula. Mstari wa kijani ni heri, mwekundu ni matatizo, na anayeisoma ni Tonton Floribert, fundi wetu.

Siku zangu za majaribio zilikuwa zinaisha Jumamosi. Mama Patron (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu) hakuwa amesema kama nitabaki, na mimi nina haya kiasi kwamba hata kuomba chumvi mezani naona heri nile hivyo hivyo. Shangazi ninayekaa kwake aliniambia, "Wewe mwenyewe umuulize. Ukinyamaza, watasema hauna haja."

Basi Alhamisi, saa nne asubuhi, mtandao ukakatika, wateja wakaenda zao, nikaona nijizoeze maneno ya kumwambia. Karatasi niliiogopa, kwa sababu Bijou wa dirisha la kwanza husoma kila kitu kilicho juu ya meza yangu. Nikaandika katika kile kisanduku cha kutafutia namba ya mzigo, maana ukibonyeza, kompyuta inajibu kwamba mzigo haupatikani na kisanduku kinajifuta (nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimegundua ubao usiohitaji kifutio). "Mama Patron, naomba kubaki." Nikabonyeza. "Mama Patron, naomba kubaki kama si usumbufu." Nikabonyeza. Nikazidi kupata moyo, mpaka nikaandika, "Mama Patron, unibakize mimi, kwa sababu mimi silali mezani kila mchana kama Bijou." Hiyo niliirudia mara tatu, kwa utamu wake.

Ambacho sikukijua ni kwamba kila namba isiyopatikana kompyuta inaihesabu kuwa kosa, inaiandika kama ilivyo, na mtandao usipokuwepo inaiweka tu na kungoja.

Mtandao ulirudi saa sita na nusu, tukiwa wote chumbani na sahani za pondu, yale majani ya muhogo. Kioo kikaanza kumwaga mistari myekundu.

"Guichet ya pili iko na nini?" akauliza Tonton Floribert. "Iko nyekundu tupu."

Maandishi yalikuwa madogo, yamechanganyika na ya Bangboka na ya Isangi, hakuna aliyekuwa ameyasoma bado, na kama ningetulia na pondu yangu labda yangepita yakazama chini. Lakini nikasimama (mimi, mwoga wa chumvi), nikasema, "Acha, Tonton, nitatengeneza," nikashika souris, kile kipanya cha kompyuta, na kubonyeza jina la dirisha la pili pembeni ya kioo, nikidhani nalifunga. Kumbe kubonyeza jina ni kulichagua. Mistari ya wengine wote ikatoweka, yangu ikabaki peke yake, ikajitanua kioo kizima.

Bijou ndiye aliyeanza kusoma, kwa sauti, kijiko mkononi. Alipofika kwenye jina lake akapunguza mwendo.

"Kumbe, dada kimya, maneno yote hii ilikuwa ndani yako."

"Na iko mara tatu," akasema Tonton Floribert. "Saa ine na dakika kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na ine. Mashine inaandikaka na saa."

Mama Patron akaweka sahani chini. "Bijou, unalalaka?"

"Kidogo tu, Mama. Macho ndio inajifunga."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, saa ine haukukuwa na kazi?"

"Réseau haikukuwa, Mama," nikajibu, yaani mtandao.

"Bon. Mimi sijibu mashine. Kama mutu iko na neno, aniambie."

Nilitamani kutoka, lakini mlango ulikuwa nyuma ya kiti chake, kwa hiyo njia iliyobaki ilikuwa kusema. Nikasema, "Mama, naomba nibakie." Mengine yote niliyojizoeza yalikuwa yamenitoka.

"Utabaki," akasema. "Mutu mwenye anajaribu neno mara mingi mbele ya kusema, hatagombana na wateja. Lakini umuombe Bijou pardon."

Nikamwomba.

"Nitakusamehe kesho," akasema Bijou. "Leo niko na hasira."

(Alinisamehe Jumatatu.) Tonton Floribert nilimsihi aifute ile mistari, akakataa, akasema haifutwi, inakaa ili siku mashine ikiugua ijulikane ugonjwa ulianzia wapi.

Kazi ninayo, na moyo wangu umetulia. Ila nimeapa kwamba neno la kumwambia mtu nitamwambia mtu, na katika kisanduku cha namba nitaandika namba. Nanyi mliowahi kuumbuka kazini, niandikieni, hata maneno machache. Nasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho.