Msalaba wa Uzi wa Bluu

Saa moja asubuhi, mbele ya ghala la mahindi kando ya barabara kuu ya Mlowo, Tusekile Nzowa anafunua beseni lake na kutangaza kwamba kutoka hapa mpaka Tunduma hakuna viazi vitamu kama vyake. Kisha anavitazama vizuri.

"Ukiondoa hivi vya leo," anasema. "Leo nimeviunguza."

Upishi si kazi yake, na hafichi. Kazi yake ni shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Kwa miaka kumi na tisa alishonea ndani ya ghala hilihili analolitazama sasa akiwa nje. Msimu ukikolea alifunga magunia themanini kwa siku, na goti lake la kushoto linayakumbuka yote.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kushona alizamisha mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akachota punje za chini, akazinusa. Zikiwa safi alishona, na mwishoni akatia msalaba mdogo wa uzi wa bluu. Madereva wakaitangaza habari hiyo hadi mpakani. Wanunuzi wa Tunduma, Waislamu kwa Wakristo, wakawa wanaagiza "magunia ya msalaba" bila hata kuijua sura ya mshonaji.

Mwezi wa tatu mkono ulitoka na ukungu. Mahindi yaliyonyeshewa yalikuwa yamewekwa chini, mazuri juu. Mwenye ghala, Jairo, ambaye husali naye kanisa moja, tena yeye ndiye wa benchi la mbele, alimsihi ashone tu.

"Mama, kazi yako ni mdomo wa gunia. Tumbo lake linakuhusu nini?"

Tusekile alimjibu kwamba mahindi hayo yatasagwa, na uji wake atakunywa mtoto wa mtu. Akachomeka shazia kwenye kanga, akatoka.

Kutoka kulikuwa rahisi. Taabu ilimngoja nyumbani. Kwa wiki sita yeye na mumewe, Ambakisye, ambaye kifua kinamsumbua, walikula mlo mmoja kwa siku. Alipalilia maharage ya watu kwa goti hilohilo bovu. Wenye maghala mengine hawakumpokea, kwani Jairo alikwisha kuwaambia kwamba macho yake yamechoka. Kanisani baadhi ya akina mama walimshauri akaombe msamaha.

"Niliomba kweli," anasema. "Nilimwomba Mungu anisamehe yale niliyokuwa namwombea Jairo."

Siku moja njaa ilimpeleka mpaka mlangoni pa ghala, mkono tayari kubisha. Hapo akakumbuka kile anachokishona mwisho.

"Ule msalaba ni kiapo," anasema, na safari hii hacheki. "Yesu hakuangikwa pale ili mimi nimfungie Jairo ukungu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mzee, leo tena ni uji wa chumvi. Akaniambia, basi ukoroge mwingi."

Ndipo viazi vikaanza. Sasa anataka yeye na jirani zake wawili wafungue kibanda chao, wakulima wa Ndalambo na Galula walete mahindi, yachekechwe na kushonwa mnunuzi akiwa amesimama palepale. Turubai ameshapata, lina matundu matatu. Mizani bado.

"Mizani ataleta Mungu," anasema. "Namsubiri hapa kwenye viazi, asije akanikosa."

Saa nne lori kutoka Tunduma linaegesha, likaliziba beseni pamoja na mwenye beseni. Anashuka Zakia, muuza nafaka. Siku zote humtuma dereva, lakini mzigo uliopita ulinuka, ingawa kila gunia lilikuwa na msalaba wa bluu. Hayo anamweleza muuza viazi huku akichagua kisichoungua sana. Tusekile anabaki na kiazi mkononi. Tangu mwezi wa tatu hajatia msalaba kwenye gunia lolote.

Zakia anazunguka upande wa pili wa lori bila kungoja chenji. Sauti yake inasikika akimwambia Jairo kwamba hapakii hata gunia moja mpaka mshonaji wa misalaba hii aje mwenyewe amwambie ndani mna nini.

"Ni yuleyule mama Tusekile, dada," Jairo anamjibu. "Yupo ndani anashona."

"Muite."

"Sasa hivi anakunywa chai kidogo."

Tusekile anasimama, goti likilalamika, anazunguka lori.

"Chenji yako, mwanangu."

Zakia anapokea. Macho yake yanatua kwenye kanga ya muuza viazi, penye shazia iliyochomekwa, uzi wa bluu bado unaning'inia tunduni. Jairo anatazama barabarani kana kwamba kuna mtu anamwita.

"Na wewe, Jairo baba," Tusekile anamuuliza kwa upole, "hiyo chai ninayokunywa humo ndani, umenitilia sukari?"