Kitu Fulani Chenye Kurudisha Mwangaza

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu iko moja inayonirudia kila nikisikia mashine ya kuandika: siku yaya yangu Paluku, kaka yangu mkubwa, aliponinyang'anya karbone, ile karatasi nyeusi ya kunakilia, mkononi na kuitupa kwenye mbabula, chini ya sufuria ya maharagi. Ilikuwa mchana, uani kwetu Rwambuzi, katikati ya miaka ya themanini. Mimi nilikuwa daktilo, mpiga mashine, kwenye biro, ofisi moja hapa Bunia, na yeye alikuwa ameniomba nimpigie karatasi za kupeleka Kinshasa, za kuomba brevè. Brevè ndiyo karatasi ambayo Leta, yaani serikali, inampa mtu aliyebuni kitu kipya, ili mwingine asikifanye bila ruhusa yake.

Nilikuwa nimemuuliza swali dogo tu. Alikuwa anasoma, mimi ninapiga, akafika mahali pa kueleza kitu chenyewe alichobuni. Nikasema, kitu gani, yaya? Akautazama mlango, akautazama ukuta wa jirani, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Andika 'kitu fulani.'" Ndipo akakumbuka kwamba karbone inabaki na alama za maneno, na mtu mwenye akili anaweza kuyasoma juani. Basi karbone ikaenda motoni.

Usimcheke haraka. Zile zilikuwa siku za Zaïre. Barabarani tuliitana sitwayen, yaani raia, nyumbani tulisema polepole. Ulisema jambo sokoni asubuhi, mchana mtu usiyemjua anakuja kukuuliza ulikuwa na maana gani. Siye tulikulia ndani ya kushuku. Hata mimi hapa, na uzee huu, mtu akinisalimia kwa furaha nyingi ninajiuliza anataka nini.

Sasa nikueleze kazi yake. Paluku alikuwa anapima ardhi kule kwenye machimbo ya zahabu. Wageni walikuwa wameleta mashine ya leza: inatuma mwangaza mwembamba mwekundu, mwangaza unapiga kitu na kurudi, na mashine inakuambia ni mbali kiasi gani. Juu ya ardhi ilifanya kazi vizuri. Lakini kwenye mashimo ya zamani yaliyojaa maji, walipotaka kujua maji yako chini kiasi gani kabla ya kuleta pompi za kuyavuta, ilisema leo hivi, kesho vile. Mwangaza ulikuwa unapotea majini. Kamba ya kupimia nayo ilikwama kwenye mbao za shimoni. Wageni wakakata tamaa, wakaenda kula. Yaya akabaki pale anafikiri, na baada ya siku kadhaa akapata dawa yake. Ni dawa gani? Mimi sikujua. Mama hakujua. Aliibeba ndani ya mfuko wa unga, mdomo umeshonwa.

Karatasi yenyewe ilikuwa ya Kifaransa. Sehemu yake kuu, ile inayosema hiki ndicho changu, kwa lugha yetu ni hivi: kitu fulani chenye kurudisha mwangaza, kilichowekwa kwa namna inayofaa, karibu na chini. Nilijisikia vibaya, lakini niliipiga mpaka nukta ya mwisho. Alikuwa mkubwa wangu.

Kinshasa wakajibu. Barua haikuwa ya matusi. Walisema maneno hayaeleweki, aeleze ni kitu gani na kinawekwa namna gani, na wakampa muda. Ukipita, faili inafungwa. Paluku aliisoma akiwa amesimama. Akasema ameshawajua: kuna karani pale amenusa, anataka siri itoke ili awauzie wageni. Kisha akanigeukia mimi, akauliza kazini ninakula na nani, na ni nani ananisindikiza jioni. Iliniuma, mwanangu. Tumbo moja, na ananihoji kama mwizi wa kuku.

Mama ndiye aliyemlazimisha aende kwa Muzee Yoane. Huyu alikuwa karani wa tribinali, yaani mahakama, tangu wakati wa Wabelgiji, sasa alikuwa amepumzika kazi, na watu wa mtaa walimpelekea karatasi zao zenye matata. Nilikwenda naye. Muzee alikuwa anakunywa chai. Alisoma mara moja, akatoa kijiko ndani ya kopo, akakigeuza geuza juani.

"Hii kijiko iko narudisha mwangaza," akasema. "Na ilikuwa karibu na chini ya kopo. Sasa ni ya kwako?"

Nilicheka. Yaya hakucheka.

"Mutoto yangu, weye unataka Leta ikuchungie kitu yenye unakatala kuionyesha. Itachunga nini? Niambie mimi, hapa, siye watatu. Ni kitu gani?"

Paluku akamtazama sana yule mzee. Nilimwona akifikiri: huyu naye, kwa nini anauliza? Akasema asante muzee, akakunja karatasi, tukatoka. Njiani aliniambia kwamba wazee wa tribinali wanajuana wote mpaka Kinshasa. Nyumbani akanipigisha barua nyingine, yenye "kwa namna inayofaa zaidi." Ndiyo, zaidi. Muda ukapita, faili ikafungwa.

Kisha ikawa hivi. Alipokuwa akikificha kitu chake kwenye karatasi, shimoni alikuwa anakitumia. Ilibidi, ndiyo kazi. Anakishusha, anakivuta, kinatoka kinachuruzika maji mbele ya wachimbaji wote, na watu wana macho. Siku moja akapita kwenye machimbo mengine akamkuta fundi mmoja anashusha kitu kilekile, anapiga na mluzi. Akamkamata shati. Fundi hakukana hata kidogo. Alisema nilikuona ukikivuta, nikatengeneza changu. Una karatasi ya kunikataza?

Alirudi Bunia na ule mfuko wake, akapita moja kwa moja kwa Muzee Yoane, akaniita nije. Mbele yetu akakata nyuzi kwa meno. Akatoa sahani ya kioo iliyopigiliwa juu ya ubao, na jiwe linaning'inia chini yake kwa waya. Basi. Akaeleza bila kupumzika: "Hii sahani inaelea juu ya maji. Jiwe inaivuta chini, kioo inaangalia juu kila wakati. Mwangaza inapiga pale, inarudi palepale ilitokea."

Muzee Yoane akaishika ile waya.

"Hivi tu ndiyo ulipashwa kuandika," akasema.

Paluku akauliza kama naweza kuipiga sasa. Muzee akamwambia haiwezekani tena. Kitu kimeshatumika mbele ya watu, kimekuwa cha wote. Niliipiga hivyo hivyo jioni ile, kwa sababu yaya alinisimamia na sikuweza kumkatalia. Sentensi nzuri, safi, mtoto wa shule angeielewa. Hatukuwa na mahali pa kuituma. Yaya aliisoma, akaketi chini, akalia mbele yangu, na safari hii hakutazama mlango.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Dunia ina wezi, na mimi mwenyewe ninafunga mlango mara mbili. Shuku mtu, mchunguze, umpime. Lakini ukifika kwenye jambo unalosema ni lako, liwe kiwanja, liwe mchumba, liwe kazi ya kichwa chako, liseme kwa maneno ambayo adui yako akiyasoma hawezi kuyageuza. "Fulani" haina mwenyewe. "Inayofaa" inamfaa kila mtu. Na akitokea mtu anakuuliza una maana gani, usikimbilie kuuliza kwa nini anauliza. Mjibu kwanza.

Mungu akupe kitu cha kwako mwenyewe, na akupe kinywa cha kukitaja ungali na wakati.