Besi ya Taisto na Nyimbo Nne za Kivilampi

Taisto Alakangas hakuwahi kuuza kitu kwa kukisema vibaya. Kwingineko Finland mtu akiuza baiskeli huanza kwa kutaja kutu. Taisto ni mtu wa tambarare za Pohjanmaa, na huko mwenye kitu kizuri husema ni kizuri, asiyekitaka aende zake. Kwa hiyo tangazo alilobandika dukani lilisema hivi: "Gitaa la besi, nyuzi sita. Hakuna bora kuliko hili mkoa mzima. Limetumika, na aliyelitumia anajua. Kama hujui utalifanyia nini, usipige simu." Bei ikafuata, bila neno "maelewano".

Watu wakasoma, wakacheka puani, wakanunua maziwa yao wakaenda. Simu haikulia.

Na siku zilikuwa zinambana. Orvo, mpiga kodiani na mkuu wa bendi, alishamwambia mbele ya wenzake kwamba Jumamosi aje na besi ya nyuzi nne kama wapiga besi wengine wote wa dansi, la sivyo asije kabisa. Ya nyuzi nne hakuwa nayo, na pesa ya kuinunulia ilikuwa humo humo ndani ya ile ya nyuzi sita. Taisto alikuwa kwenye bendi hiyo tangu akiwa bado na nywele. Mchana alichomelea matrekta ya watu, lakini ukimuuliza kazi yake angekwambia mpiga besi, na angekushangaa kwa kuuliza.

Kosa lake lilikuwa hili. Kwenye mabanda ya dansi ya huku nyimbo huja mbilimbili. Mwanamume anamwomba mwanamke, wanacheza nyimbo mbili, muziki unanyamaza, anamshukuru na kumrudisha alipomtoa. Kimya hicho ndicho mlango wa kumkimbia mwenzako kwa heshima. Sasa siku ya kufungua msimu, kwenye banda la Kivilampi, wimbo wa pili ulipokuwa unaisha, vidole vya Taisto vilipanda kwenye uzi mwembamba wa juu, vikanogewa. Vikashuka, vikapanda tena, vikaingia wimbo wa tatu bila kupumua. Mpiga ngoma akafuata, akidhani wenzake wamekubaliana. Wa tatu ukazaa wa nne. Sakafuni hakuna aliyethubutu kumwachia mwenzake katikati ya wimbo, maana aibu hiyo mtu huzikwa nayo. Mwenyekiti mmoja wa chama cha wakulima alikwama mikononi mwa mke aliyeachana naye. Muuza mbegu alizungushwa na shemeji yake, na hao hawajasemezana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba. Watu walitoka jasho. Malalamiko yalimfikia Orvo kabla hajafunga sanduku la kodiani.

"Ni hizo nyuzi zako za ziada," Orvo alimwambia. "Mtu wa nyuzi nne anajua pa kuishia."

"Na mtu mwenye masikio anajua kizuri," Taisto akampa jibu lake.

Alijibu hivyo, kisha akaenda nyumbani, na huko, tuseme ukweli, ilimuuma. Usiku ule alikuwa amepiga vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kuambiwa kwamba wakati huo huo watu walikuwa wakiteseka, hilo lilimkaa rohoni, na kujipiga kifua hakukuliondoa.

Alhamisi simu ikalia. Alikuwa mwanamke, akasema anaitwa Tellervo, wa ng'ambo ya mto. Hakuuliza swali hata moja. Alisema tu anakuja.

Akaja. Alivua viatu mlangoni, akakaa jikoni, akanywa kikombe cha kwanza cha kahawa kwa mkate mtamu wa iliki bila kuitaja besi, kama inavyotakiwa. Wakaongea mvua. Kikombe cha pili kilipomiminwa ndipo Taisto alipoileta na kuipakata.

"Inaonekana nzito," Tellervo alisema.

"Nzito kweli. Hii inataka mtu mwenye mabega."

"Basi wewe umewezaje?"

Taisto akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Alimpenda mama huyo papo hapo.

"Kwani unapiga besi?" alimuuliza.

"Mimi? Hata mluzi sijui."

"Sasa unamnunulia nani?"

"Mtu. Bei ni ile ya tangazo?"

"Ni ile ile. Sipunguzi."

"Kuna mtu kakuomba upunguze?"

Akanyoosha mkono, Taisto akaushika. Huku mkono ukishashikwa maneno yamekwisha. Mashamba mazima yameuzwa hivyo na hakuna aliyerudi nyuma.

"Haya, huyo mtu wako atakuja lini kuichukua?"

"Yupo nje kwenye gari."

Taisto alichungulia dirishani. Kweli, ndani ya gari jekundu alikuwepo mwanamume wa makamo, amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Muda wote huu yupo pale? Ungemleta anywe kahawa."

"Jalmari haingii kwa watu. Ananisubiri. Amezoea kusubiri, huyo."

Taisto aliibeba besi mwenyewe mpaka nje, akafungua mlango wa gari na kumpakatisha. Jalmari aliitazama muda mrefu. Hakuzigusa nyuzi.

"Ndiyo hii ya Kivilampi?" aliuliza. "Ya siku ile?"

"Ndiyo yenyewe. Kama wewe ni mmoja wa waliolalamika, sema hapa hapa, nakusikiliza."

Jalmari alitikisa kichwa.

"Miaka yote nacheza naye nyimbo mbili," alisema, akimwonyesha Tellervo kwa kidevu. "Wa kwanza najizoeza. Wa pili napanga la kusema. Nikiwa tayari, mnanyamaza. Namrudisha kwenye benchi. Wiki nyingine tena hivyo hivyo. Siku ile hamkunyamaza."

"Alisema kwenye wimbo wa nne," Tellervo alidakia. "Nikamwitikia kabla hajamaliza, nikijua wakati wowote mtatukatiza. Mwezi ujao anahamia kwangu."

"Nilisikia unaiuza kwa sababu ya usiku ule," Jalmari alisema. "Sikutaka iende kwa mtu asiyejua ilichofanya."

Taisto aliangalia upande wa banda la matrekta kana kwamba kuna kitu kimeungua. Furaha ilimpanda mpaka akaona haya.

"Kama inakuuma kuiuza, tutakuachia," Tellervo alisema kwa upole. "Hatutakasirika."

"Mkono nimeshatoa. Mimi siuzi nikarudi nyuma. Lakini haitundikwi ukutani. Jumatano njoo nayo, Jalmari, nikufundishe."

"Mimi muziki sijui."

"Hata kuongea ulikuwa hujui."

Gari lilipokata kona alimpigia Orvo.

"Nimeuza."

"Vizuri," Orvo alisema.

"Jumamosi nakuja na nne. Ila kuanzia sasa, kila dansi, mara moja, tunapiga nyimbo nne bila kusimama. Tutangaze kabla. Anayeogopa akae kwenye benchi."

Orvo naye ni mtu wa huku, na huwa hakubali kushindwa bure.

"Tatu," alisema.

"Tatu hazikumtosha mtu ninayemjua. Nne, au tafuta mpiga besi mwingine, nami nitakuja kumsikiliza na kumcheka."

"Watu watalalamika, Taisto."

"Wachache. Wengine watakuwa na shughuli."

Orvo aliguna kwenye simu.

"Basi njoo mapema," Orvo alisema. "Nyimbo nne bila kusimama zinataka mazoezi."