Bata Wawili na Jezi Namba Saba

Nilishitakiwa kwa wizi wa bata nikiwa mwaka wa pili kwenye chuo cha ualimu, Kigoma. Bata wenyewe walikuwa wawili, mali ya makamu mkuu wa chuo, na walitoweka Jumapili asubuhi wakati karibu wote tuko ibadani. Mlinzi wa getini, mzee wa Mwamgongo aliyeacha uvuvi baada ya kuumia goti, alisema alimwona mtu kwa nyuma, amewakumbatia, amevaa jezi ya chuo namba saba. Namba saba ni mimi. Nilikuwa mkimbiaji wa mita mia mbili, na jezi yangu nilikuwa nimeianika nyuma ya bweni tangu Jumamosi. Ilikuja kuokotwa kichakani, imejaa manyoya.

Mahakama ya mwanzo, mlinzi alieleza vizuri tu.

"Nilimkimbiza, mheshimiwa. Kidogo nimkamate."

"Kidogo kiasi gani?" hakimu akauliza.

Mzee akanyoosha mkono, akaonyesha umbali wa kumshika mtu shati.

Hakimu alilitazama lile goti. Akanitazama mimi. Akaisoma tena barua ya mwalimu wa michezo, iliyosema hakuna chuo mkoani kilichokuwa na mtu wa kunishinda. Kisha akasema mahakama haiwezi kuamini kwamba kijana mwenye mbio kama zangu, tena siku aliyokuwa na sababu nzuri ya kukimbia, angeponea chupuchupu kwa mzee anayechechemea. Nikaachiwa huru.

Nilipanda mlima kurudi chuoni nikidhani yameisha. Kesho yake ikatangazwa kwamba kamati ya nidhamu itakaa baada ya wiki moja kuamua kama nibaki au niondoke, na mama akaitwa kutoka Kidahwe.

Makamu alianza. Alisema mambo ya mahakama ni ya mahakama, chuo nacho kina mambo yake, na yeye hawezi kufundisha darasa huku akijiuliza nani amekula bata wake. Mwalimu wa michezo alinitetea kwa moyo wote: alisema nisifukuzwe mpaka mashindano ya vyuo yapite. Baada ya hapo, akasema, yeye hana pingamizi.

Mama aliinuka. Aliwaamkia wote "Mwakeye", mmoja mmoja, mpaka mwisho wa benchi, ndipo akasema.

"Mimi sijafurahi. Mahakama imemwachia mwanangu kwa sababu ana mbio. Kwa hiyo angekuwa mzito angekuwa mwizi? Hakuna aliyesema nimemlea vizuri. Kama ni hivyo, tunarudi zetu nyumbani akalime mihogo."

Nilitaka kumwambia sitaki mihogo, nataka cheti, lakini mlinzi, aliyeitwa kikaoni kama shahidi, alikuwa ameshanyoosha mkono. Nilikuja kuelewa kwamba hukumu ile ilimuumiza yeye kuliko mimi. Tangu siku ile wanachuo walikuwa wakipita getini wanamcheka, wanamwita kocha wa mbio.

"Mimi si mwongo," akasema. "Tukimbie, mimi na yeye, hapo uwanjani. Mkiona nimemkaribia, mjue nilisema kweli."

Mkuu wa chuo, mama mmoja mvumilivu sana, aliangalia saa ya ukutani akasema huenda hilo likaisha haraka kuliko kikao.

Tukatoka. Chuo kizima kikajipanga pembeni mwa uwanja, mgongo kwa ziwa. Mzee alikataa kuvua mabuti ya mvua; alisema siku ile alikuwa nayo na ushahidi haubadilishwi.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia tukiwa kwenye mstari.

"Marahaba. Usinionee huruma."

Lakini nilimwonea. Filimbi ilipolia nilitoka taratibu, kwa adabu, na yule mzee akanipita. Sijui goti alilipeleka wapi. Mabuti yalikuwa yanalia pwaa, pwaa, wanachuo wanashangilia kocha, na mimi nikamwona makamu anaandika kitu kwenye daftari. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nikishindwa, mimi ni mwizi. Nikakimbia mbio ambazo sijawahi kuzirudia katika mashindano yoyote. Nilipovuka mstari, mzee alikuwa ndiyo kwanza amefika katikati ya uwanja, amejishika kiuno.

Alikuja akitembea, akavuta pumzi, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Siyo huyu," akasema.

"Unasemaje?" makamu akauliza.

"Yule niliyemkimbiza siyo huyu. Yule alikuwa mnene. Alikuwa anahema kuliko mimi."

"Mbona hukusema mahakamani?"

"Waliniuliza jezi namba ngapi. Unene hawakuuliza."

Niliona kwa macho yangu walimu watatu na mpishi wakivuta matumbo ndani. Mkuu wa chuo akaagiza jezi iletwe, nikaivaa pale pale. Mbele ilikuwa imetanuka kama aliyeivaa alikuwa mjamzito. Ilining'inia hadi magotini. Wanachuo walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na hata makamu akafunga daftari. Aliyebeba bata hakutafutwa. Nadhani hakuna aliyetaka kuanza kupima viuno vya wafanyakazi.

Mkuu wa chuo alitangaza hapohapo kwamba nabaki.

"Na malezi?" mama akauliza.

"Ulimlea vizuri, mama," mkuu akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka bwenini. Mama akaitikia kwa kichwa, akafunga vizuri kitenge chake, akaomba maji ya kunywa.

Mimi nilisimama pale nimeshika ile jezi mabegani isinivuke, nikashangaa kuona machozi yananitoka. Kwa wiki nzima nilikuwa nimejiambia kwamba hata wakinifukuza sitajali. Kipindi cha saa nane kilikuwa saikolojia. Nikaenda kukaa kiti cha mbele, mwalimu akaita majina, na lilipofika langu nikaitika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.