Mbao za Mama na Wakwe wa Tchomia

Saloni yetu ya kupokelea wageni pale Bunia ilikuwa na sakafu ya mbao za libuyu, ule muti mugumu wa pori, na mama aliipenda kuliko siye watoto wake. Nasema bila haya. Siye tulioga maji baridi na sabuni ya kufulia, lakini sakafu ilipakwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa na petroli kidogo, kisha ikasuguliwa mpaka ujione sura. Maji hayakuruhusiwa kuigusa. Viatu pia. Mulangoni palikuwa na vipande vya blangeti: unavikanyaga, unateleza navyo mpaka kwenye kiti, na huku unaing'arisha. Hata baba, mutu muzima wa ofisi, aliteleza vilevile na gazeti mukononi.

Basi, miaka ile ya themanini nikapata muchumba, kijana wa Tchomia, na nilimupenda mpaka chakula kilinishinda. Wazee wake wakapanga kuja kunitaka. Mama akaamkia kwenye sakafu.

"Mama, tupunguze nta, wale ni watu wazima."

"Weye nyamaza! Wanakuja kuona nyumba yenye ulikulia."

Mvua ikanyesha. Wakwe wakafika na matope mekundu mpaka magotini, na mbuzi wao wa mahari. Sasa utamuambia mukwe avue viatu? Ni kumutukana. Mama akatabasamu kwa shida, akamunyooshea muzee musemaji wao vipande vya blangeti. Muzee akashukuru sana, akapangusa navyo mvua kichwani, akavitia mufukoni. Miye nikauma mudomo nisicheke.

Kisha akaingia. Hatua ya kwanza alikuwa muzee wa heshima. Ya pili, miguu ilienda Ariwara kaskazini, kichwa kikaenda Nyankunde kusini. Mbuzi naye akamufuata, kila muguu ukachukua barabara yake, akalala tumbo akilia.

Kwenye familia ile, mutu akianguka kwa wakwe kabla hajatoa neno, ni nyumba imemukataa. Mumoja wao akaanza kuvuta kamba ya mbuzi. "Turudi," akasema. Yaani miye nikose bwana sababu ya nta, jamani!

Mama akamutazama muzee pale chini, akanitazama miye, akaitazama sakafu yake. Akaenda jikoni, akarudi na beseni la majivu. Akayamwaga kwa mukono wake mwenyewe, toka mulangoni mpaka kwenye viti, juu ya matope, juu ya nta.

"Ingieni, wazazi wetu. Nyumba haijawakataa. Ni miye nilipenda mbao kupita kiasi."

Muzee akainuka, akajipangusa matako na blangeti letu, akajaribu muguu mumoja. Ukashika.

"Huyu mama," akawaambia wenzake, "tukirudi bila kumuchukua binti yake, aibu itatuangusha tena palepale inje."

Wakaketi. Mbuzi pia akabaki.

Walipoondoka nikapiga magoti na kitambaa. Majivu yalikuwa yameingia kwenye kila ufa, na viatu vimechora mbao vibaya.

"Acha," mama akasema. "Hizi zitang'aa tena. Weye ndiye unaenda."

Nikaanza kulia.

"Lilia inje! Maji inaharibu mbao."

Lakini machozi yake mwenyewe yalikuwa yanadondoka palepale, na hakuyapangusa.