Springi za Urban Kapinga

Ngo.

Urban Kapinga aliisikia sauti hiyo mara moja tu, na tangu siku hiyo akawa anaendesha gari huku akiisubiri. Ilikuwa sauti ya ekseli ya nyuma kugonga chesisi. Pikapu yake ilikuwa ikishuka kuelekea ziwani, ikivuta tela lililojaa mbao za fundi boti mmoja wa Lipingo. Penye shimo, kabla ya kona, springi za nyuma zililala zote. Mkia wa gari ukazama, pua ikainuka kama inayonusa mvua, na usukani ukawa mwepesi mikononi mwake, mwepesi mno. Gari likasogea kushoto, likasogea tena, kisha likakwama kwenye kokoto za ukingoni.

Kushoto kulikuwa na bonde, na chini kabisa ya bonde, ziwa. Agripina, mkewe, ambaye alikuwa anakwenda kununua usipa, dagaa wa ziwani, alichungulia dirishani kwake asiione barabara.

"Baba Dorah," alisema, "nipishe nishukie mlango wako."

Walishuka wote wawili. Agripina alilifuata gari kwa miguu mpaka mteremko ulipoisha. Jioni walikula, wakasali, wakalala, na jambo lile halikutajwa.

Urban ni mtu wa Maguu. Alizaliwa juu ya mteremko wa kahawa wa baba yake na bado anaulima, yeye na mkewe. Msimu wa kahawa pikapu huvuta magunia kwenda Mbinga mjini. Msimu ukiisha huteremsha mbao na mahindi ziwani na kupandisha samaki. Si msemaji. Kwenye sala za jumuiya, zamu yake ikifika, husema maneno machache hivi kwamba jirani yake Tadea, mwanamke mnene mwenye ulimi usiolala, aliwahi kumwambia: "Shemeji, Mungu kabla hajageuka wewe umeshasema amina."

Baada ya siku ile ya ngo, Urban alikwenda Mbinga kwa fundi Cleopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka nyuma isizame tena."

Cleopa alilala chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka na vumbi kwenye nyusi. Alieleza bila haraka. Shokomzoba zilikuwa zimekwisha, hizo zibadilishwe. Springi ziongezewe bamba moja fupi la juu, msaidizi, ambalo halifanyi kazi mpaka mzigo ukae. Gari likiwa tupu linapumzika. Na mzigo wa tela usirundikwe wote mbele kwenye shingo, kwa maana huko ndiko unakokandamiza mkia wa pikapu. Sehemu kubwa ikae juu ya magurudumu ya tela, isogee mbele kidogo tu.

Urban alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaonyesha lori bovu lililokuwa nyuma ya gereji, limeota majani.

"Toa mabamba ya lile. Nifungie yote yatakayoingia."

"Mzee, gari si shamba la ngoro, useme kila ukiongeza udongo ndiyo linatulia. Hayo ni ya lori. Likiwa tupu litakuvunja mgongo."

"Fungia."

Cleopa alifunga. Urban hakuwa mtu wa kubishana naye. Alikuwa anarudia neno lake moja mpaka wewe unachoka.

Kazi ilikuwa nzuri kwa jicho la nje. Ukifunga tela zito, mkia haukuzama chini ya usawa hata upana wa kidole, na usukani ulishika njia. Lakini tela likifunguliwa, pikapu ilibaki imeinua makalio juu na kuinamisha kichwa, na watoto wa Maguu wakaiita Kuku Anakunywa. Barabara ya udongo ikawa inairusha kila jiwe. Wanawake waliokuwa wakipewa lifti kwenda sokoni walianza kusema wanapenda kutembea. Tadea alipanda mara moja, akashuka ameshika taya.

"Shemeji, sitapanda kuku wako tena. Nimebakiwa na meno machache, nayahitaji kwa ajili ya mahindi."

Urban alicheka kidogo, kwa pua. Hakupunguza bamba hata moja.

Mwaka uliofuata, Jumapili moja ya mvua za mwisho, Agripina aliamka mapema kwenda kuchuma mboga kabla ya misa. Matuta ya ngoro, yale yanayozunguka mashimo ya kilimo cha mteremkoni, yalikuwa yamelowa. Aliteleza kwenye ukingo wa shimo moja, akaangukia la chini yake, na paja likavunjika.

Waliomkuta walimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka zahanati. Mganga pale ni Iddy, kijana kutoka Tanga, ambaye watu humwita daktari na yeye ameacha kuwasahihisha. Alimpa dawa ya maumivu, akaufunga mguu kwa mbao mbili na vitenge, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka ziwani na mama mjamzito. Akamvuta Urban pembeni.

"Mzee, lazima afike hospitali leo. Lakini asirushwe. Mfupa umekaa karibu na mshipa mkubwa wa damu. Ukiuchoma, njiani siwezi kumsaidia."

Urban alitandika godoro nyuma ya pikapu. Agripina akalazwa, Iddy akakaa kichwani pake. Gari lilitoka taratibu kama mtu anayenyata, na kwenye mfereji mdogo wa kwanza likaruka. Agripina hakulia. Alimshika Iddy mkono, na Iddy ndiye aliyepiga kelele.

Urban akazima. Alishuka, akasimama nyuma ya gari akiangalia yale mabamba aliyoyataka mwenyewe. Tela halikuwa na mzigo wa kuyakandamiza. Mahindi yalikuwa bado shambani na kahawa mbichi mtini.

"Tupakie mawe," alisema Iddy.

"Mawe hayashiki kona. Yatamwangukia."

Watu walikuwa wanatoka kanisani, wamesimama barabarani na rozari zao. Urban aliwatazama. Inasemekana alikuwa hajawahi kumwomba mtu kitu, hata moto wa jirani.

"Nahitaji uzito," alisema. "Wa watu."

Kwa muda hakuna aliyeelewa. Kisha Tadea akavua viatu vya kanisani, akampa binti yake.

"Nilishasema sitapanda kuku huyu. Nisogezeeni."

"Wanene wakae usawa wa ekseli," alisema Urban.

"Huyo ananiita mimi."

Walipanda: Tadea, katekista Romanus, wasimamizi wa ndoa ya Urban, vijana wa kwaya. Walikaa kuzunguka godoro, migongo nje, miguu ndani, mpaka pasibaki nafasi ya goti. Kila aliyepanda, chuma kililia kidogo. Mwisho mkia ukashuka, na pua ya gari ikainuka ikawa sawa.

"Watu tunaitwa kazi bila pombe ya ugimbi," alisema Romanus. "Hii ni mara ya kwanza Maguu."

Sauti ya Agripina ilitoka katikati ya miguu yao. "Nikipona nitaupika. Wewe, katekista, nitakupimia."

Gari likaondoka. Kwenye mfereji uleule liliinama, likainuka, likapita. Walikwenda hivyo mpaka lami, na hata kwenye lami hakuna aliyeshuka. Walipofika Mbinga mjini, Iddy aligusa vidole vya mguu uliovunjika. Vilikuwa na joto; damu ilikuwa bado inapita.

Agripina alikaa hospitali muda mrefu. Siku ya kumrudisha, Urban alipitia kwanza gereji. Cleopa alifungua mabamba yote ya lori na kufunga lile moja fupi alilolisema tangu mwanzo. Alipokuwa akikaza boliti alikuwa anapiga mluzi.

Walipanda kwenda Maguu bila mzigo, Agripina amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Kwenye mfereji alishika mlango akingoja. Gari lilipita kama mtumbwi juu ya wimbi dogo.

"Baba Dorah, umeyatoa."

"Nimeyatoa."

"Cleopa alikukataza toka mwanzo. Kwa nini uliyafunga?"

Urban alibadili gia. Aliendesha mpaka kona ya kwanza, akaimaliza.

"Siku ile," alisema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Agripina alilazimika kuinamisha kichwa, "bonde lilikuwa upande wako."